Utabiri wa mvua: daftari kwanza, kompyuta baadaye

Kila ifikapo Septemba, swali ni lile lile kwa wenye mahindi ghalani katika mikoa inayopata mvua za vuli: kuuza sasa au kungoja? Vuli ikinyesha vizuri, mashamba ya kaskazini na ya pwani yataleta mavuno mapya sokoni na bei itashuka. Vuli ikikosekana, bei itapanda na aliyeshikilia magunia atapata faida. Uamuzi huo hufanywa kwa kutazama utabiri wa hali ya hewa, na siku hizi wauzaji wa utabiri ni wengi. Kila mmoja anadai kompyuta yake ni kubwa kuliko ya mwenzake, na wa karibuni wanaongeza kuwa wanatumia akili mnemba.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Utabiri nao una daftari lake, na hapo ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kutazama kwanza. Ukubwa wa kompyuta na jina la modeli ni mambo ya baadaye. Kinachopima thamani ya utabiri kabla ya yote ni hesabu ya kufungulia: hali ya anga na bahari ilivyokuwa wakati kompyuta inaanza kupiga hesabu zake, ilijulikana kwa vipimo vingapi, na vipimo hivyo vilichanganywa namna gani na makadirio yaliyokuwepo.

HESABU YA KUFUNGULIA

Mwenye duka yeyote anaijua kazi hii. Daftari linasema ghalani mna magunia 100. Kijana aliyetumwa kuhesabu anarudi na 94. Nani ana haki? Huenda daftari lilikosewa, huenda kijana aliruka safu moja. Mwenye duka mwenye busara hamwamini mmoja kwa asilimia mia. Anapima: daftari hili hukosea kiasi gani, na kijana huyu hukosea kiasi gani, kisha anaweka namba iliyo karibu zaidi na yule anayeaminika zaidi.

Wataalamu wa hali ya hewa hufanya hivyo mara kadhaa kila siku na kuiita kazi hiyo uoanishaji wa takwimu. Daftari ni utabiri uliotolewa saa chache zilizopita. Kijana wa kuhesabu ni vipimo vipya: setilaiti, maputo, ndege za abiria, meli, maboya na vituo vya ardhini. Vipimo hivyo ni makumi ya mamilioni kwa siku, lakini modeli ya dunia nzima inahitaji namba nyingi zaidi ya hizo. Tena vipimo havikutawanyika sawasawa. Ulaya imejaa, na sehemu kubwa za Afrika na bahari zake zina mapengo.

Somo la kwanza kuhusu hesabu mbovu ya kufungulia ni la zamani. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu chenye utabiri aliopiga kwa mkono, wa tarehe 20 Mei 1910, kwa eneo moja la Ujerumani. Hesabu yake ilisema mgandamizo wa hewa ungebadilika kwa milibari 145 katika saa sita, wakati kipimo halisi hakikuonyesha badiliko la maana. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa Ireland, Peter Lynch, aliirudia kazi hiyo kwa kompyuta. Alipozilainisha namba za kuanzia, kanuni zile zile zilitoa jibu la kuridhisha. Kosa kubwa lilikuwa katika daftari la kufungulia.

MBINU TATU NA MSETO WAKE

Mbinu za kuchanganya daftari na vipimo zimegawanyika katika makundi makubwa matatu, na mnunuzi wa utabiri hana budi kuzijua angalau kwa sura.

Ya kwanza ni mbinu ya pande tatu, kwa kifupi 3D-Var. Hii hutumia jedwali moja la makosa lililotayarishwa kabla. Ni sawa na mkaguzi anayeamini kwamba ghala hupoteza asilimia mbili kila mwezi, iwe kiangazi au masika, panya wawepo wasiwepo. Ni ya haraka na ya gharama nafuu, lakini haijui kwamba leo kuna dhoruba na daftari la leo halifai kuaminiwa kama la jana.

Ya pili ni mbinu ya pande nne, 4D-Var, ambayo inaongeza wakati. Badala ya kusimama saa moja na kuhesabu, mkaguzi huyu hufuata risiti za saa kadhaa, mbele na nyuma, mpaka apate hadithi moja inayokubaliana na kila risiti kwa saa yake. Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Kati, ECMWF, kilicho Reading, Uingereza, kiliianza kazini Novemba 1997, mwezi ambao Afrika Mashariki ilikuwa katikati ya mafuriko ya El Nino. Ufaransa ilifuata mwaka 2000, Uingereza 2004, Japani na Kanada 2005. Ubaya wake ni gharama. Inahitaji programu ya ziada inayorudisha hesabu nyuma kwa wakati, na kila modeli ikibadilishwa programu hiyo nayo hubadilishwa.

Ya tatu ni kichujio cha Kalman cha makundi, ambacho Geir Evensen wa Norway alikieleza mwaka 1994 akifanyia kazi modeli za bahari. Badala ya daftari moja, hutunzwa madaftari mengi yanayotofautiana kidogo. Yanapotofautiana sana, mkaguzi anajua kwamba hapo hapaaminiki na anawasikiliza zaidi waliotoka kuhesabu. Faida yake ni kwamba makosa yanapimwa upya kila siku. Udhaifu wake ni uchache wa madaftari. Kanada ilifikisha 256 mwaka 2014, lakini hata 256 ni kidogo mbele ya anga nzima. Mtu akiwauliza wafanyabiashara wachache tu, anaweza kudhani bei ya vitunguu Kariakoo inaendeshwa na mvua ya Chile, kwa sababu tu mambo hayo mawili yalisadifiana. Wataalamu hulazimika kuukata uhusiano wa mbali kwa mkono.

Ipi bora? Wakanada walizipambanisha kwa haki. Mark Buehner na wenzake walichukua mwezi mmoja, Februari 2007, modeli ile ile na vipimo vile vile, wakabadilisha mbinu tu. Matokeo waliyochapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba mbinu ya pande nne na kichujio cha makundi zilikuwa karibu sawa. Mshindi alikuwa mseto: mbinu ya pande nne iliyopewa makosa yaliyopimwa na kundi. Kusini mwa dunia, nje ya tropiki, mseto huo uliongeza kama saa 10 za uhakika katika utabiri wa siku ya tano. Kaskazini, ambako vipimo ni vingi, faida ilikuwa ndogo zaidi.

Funzo la kibiashara hapo ni bayana. Ubora wa mbinu huonekana zaidi penye vipimo vichache. Palipo na vipimo tele, hata mkaguzi wa kawaida hupatia.

SANDY NA SOKO LA HISA LA NEW YORK

Wenye hisa wana sababu ya kukumbuka Oktoba 2012. Kimbunga Sandy kilipiga pwani ya New Jersey jioni ya tarehe 29, na Soko la Hisa la New York lilifungwa tarehe 29 na 30. Lilikuwa halijafungwa siku mbili mfululizo kwa sababu ya hali ya hewa tangu 1888. Modeli ya Ulaya ilikuwa imeonyesha takriban wiki moja kabla kwamba kimbunga kingegeukia nchi kavu. Modeli ya Marekani iliendelea kwa siku kadhaa kukipeleka baharini.

Lawama zilianguka juu ya kompyuta ndogo na mbinu duni. Lakini uchunguzi uliokuja baadaye ulikuwa na mambo mawili ya kuwatuliza wenye haraka. Mmoja, uliochapishwa mwaka 2014, ulisema tofauti ya njia ya kimbunga ilitokana zaidi na namna kila modeli inavyohesabu mawingu ya mvua, kuliko hali ya kuanzia. Mwingine wa mwaka huo huo, uliofanywa na ECMWF wenyewe, uliondoa vipimo vya setilaiti zinazopita juu ya ncha za dunia, kisha ukapiga utabiri upya kwa modeli ile ile iliyosifiwa. Bila vipimo hivyo, utabiri wa siku nne na tano kabla haukuonyesha tena kwa manufaa kwamba kimbunga kingeingia pwani ya Marekani.

Kwa maneno mengine, modeli nzuri inaweza kuizidi modeli dhaifu wakati zote mbili zinakula chakula kile kile. Ikinyimwa chakula, nayo huanguka. Anayeuza utabiri kwa kutaja kompyuta tu anataja sufuria bila kutaja unga.

BAHARI HAINA HARAKA, LAKINI INALIPA

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, hesabu ya bahari ina uzito kuliko hesabu ya anga. Anga husahau katika siku kumi au kumi na tano. Bahari hukumbuka kwa miezi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba hufuata sana joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, ndiyo maana inatabirika kuliko masika. Mwishoni mwa 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto wakati ya mashariki yalipoa, na tofauti hiyo ilikuwa kati ya kubwa kabisa zilizowahi kupimwa. Mvua iliyofuata ilijaza mito na kukata barabara. Kisha kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, sehemu kubwa za Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, huku Pasifiki ikiwa katika hali ya La Nina.

Kuipima bahari ni kazi ngumu kuliko kuipima anga. Setilaiti inaona uso wake tu. Chini yake hutegemewa vyombo vya Argo, vielezo visivyo na rubani ambavyo huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku 10 kutuma vipimo. Mpango huo ulifikisha vyombo 3,000 mwaka 2007 na sasa una takriban 4,000 duniani kote. Mbinu za kuoanisha hapa pia zinatofautiana. Norway hutumia kichujio chenye nakala 100 kwa bahari ya kaskazini na barafu yake, na Waingereza hutumia mbinu ya pande tatu. Hakuna aliyemshinda mwenzake kabisa, kwa sababu wote wanapungukiwa na kitu kimoja, nacho ni vipimo.

Hasara ya kukosa vipimo ilionekana wakati wa maharamia wa Kisomali, kuanzia karibu mwaka 2008. Meli za utafiti ziliacha kwenda magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mpango wa maboya wa bahari hiyo ulibaki na pengo katika maji yanayohusika moja kwa moja na mvua za eneo hili. Wasimamizi wa Argo walilazimika kuomba msaada wa majeshi ya majini ya Marekani na Australia ili vyombo vishushwe. Mwaka 2020 pengo lilihamia angani: safari za ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, vipimo vinavyotumwa na ndege za abiria vilipungua kwa zaidi ya nusu.

HESABU YA MAGUNIA 500

Yote haya yana maana gani kwa mtu mwenye mkopo wa benki? Mfano ni mfanyabiashara wa Tanga mwenye magunia 500. Leo gunia ni sh. 60,000. Anakisia kwamba vuli ikiwa nzuri atauza Januari kwa sh. 50,000, na ikikosekana atauza kwa sh. 90,000. Ghala, dawa ya wadudu na riba zitamgharimu sh. 5,000 kwa gunia.

Akiambiwa uwezekano wa vuli nzuri ni theluthi mbili, wastani wa bei ya Januari ni kama sh. 63,300. Akitoa gharama anabaki na sh. 58,300, chini ya bei ya leo. Auze. Akiambiwa uwezekano ni nusu kwa nusu, wastani ni sh. 70,000, na baada ya gharama sh. 65,000. Angoje. Mpaka kati ya kuuza na kungoja uko kwenye asilimia 62.5. Mfumo wa utabiri wa msimu ambao ECMWF iliuzindua mwaka 2017 una nakala 51. Nakala 32 zikisema vuli ni nzuri, anauza. Zikiwa 31, anangoja. Nakala moja inageuza uamuzi wa magunia 500.

Ndiyo sababu anayeambiwa tu kwamba mwaka huu mvua zitakuwa nyingi ameuziwa nusu ya bidhaa. Anachohitaji ni uwezekano, na uwezekano wa kweli. Nakala 51 zilizoanza kutoka katika daftari moja lililokosewa, zikitofautishwa kidogo tu, zitakubaliana kama mashahidi waliofundishwa na mtu mmoja. Zitasema asilimia 90 mahali pa kusema asilimia 60. Hapo kichujio cha makundi na mseto wake vina thamani ya fedha kwa mfanyabiashara, kwa kuwa vinajaribu kupima ni kiasi gani daftari lenyewe halijulikani. Hata hivyo penye bahari isiyopimwa, nazo hukisia.

Aidha wastani ni faraja ya mwenye mtaji wa misimu mingi. Mwenye mkopo akingoja na vuli ikawa nzuri, atabaki na sh. 45,000 kwa gunia badala ya sh. 60,000, na hasara ya sh. milioni 7.5 huenda ikamtoa sokoni kabla ya msimu wa kulipizia. Kwa mtu wa namna hiyo, kuuza sehemu na kushika sehemu ni busara hata utabiri ukimwambia angoje.

AKILI MNEMBA HAIJAFUTA DAFTARI

Watasema wengine kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Tangu 2023 modeli za akili mnemba kama GraphCast zimetoa utabiri wa siku kumi kwa dakika badala ya saa, na Februari 2025 ECMWF yenyewe iliingiza kazini modeli yake ya aina hiyo, AIFS. Ni maendeleo makubwa, na yanashusha gharama.

Lakini modeli hizo zilifundishwa kwa kumbukumbu iitwayo ERA5, ambayo ni daftari la hali ya hewa la miaka mingi lililotengenezwa kwa mbinu ya pande nne. Na kila siku zinapoanza kazi, zinaanzia kwenye hesabu ya kufungulia iliyoandaliwa kwa mbinu hizo hizo. Yapo majaribio ya kuiruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kutoka vipimo hadi utabiri. Yakifaulu, vipimo vitakuwa na thamani kubwa zaidi, kwani havitakuwa na daftari la jana la kuviegemeza.

LINALOPASA KUFANYWA

Mfanyabiashara anayeletewa utabiri wa kulipia na aulize maswali matatu. Hesabu ya kufungulia inatoka kituo gani? Jibu linakuja kama uwezekano au kama neno moja? Na katika misimu iliyopita, waliposema asilimia 60, mara ngapi ilitokea kweli? Asiyeweza kujibu la tatu asilipwe. Tangu Oktoba 2025 takwimu za utabiri za ECMWF za kila siku ni huria, kwa hiyo anayeziuza ni lazima aonyeshe alichoongeza. Mikutano ya utabiri wa msimu wa Pembe ya Afrika, iliyoanza Nairobi mwaka 1998, nayo hutoa uwezekano wa mvua bila malipo.

Swali lililo gumu zaidi linawarudia wafanyabiashara wenyewe. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka kiwango cha chini: kituo cha ardhini kila kilomita 200 na kituo cha maputo kila kilomita 500. Afrika iko nyuma ya kiwango hicho. Benki zinazokopesha kwa dhamana ya mazao, kampuni za bima na wenye maghala hutumia fedha nyingi kununua majibu, na kidogo sana kugharimia vipimo. Kipima mvua kinachosomwa kila asubuhi katika ghala la ushirika, namba zake zikapelekwa kwenye mamlaka ya hali ya hewa, ni mchango. Boya lisilokatwa kamba na wavuvi ni mchango. Serikali kulipia maputo kwa wakati ni mchango mkubwa kuliko semina kumi za kompyuta.

Wataalamu wataendelea kushindana juu ya mbinu, na ni vizuri washindane, kwa kuwa mseto umeonyesha kwamba hata saa 10 zinapatikana bila kipimo kipya hata kimoja. Ila mwenye magunia ghalani asidanganyike. Hakuna mkaguzi, awe hodari namna gani, anayeweza kufunga vitabu vya ghala ambalo hakuna aliyeingia kulihesabu.